Yaya Pimbi na Zawadi za Bonge

Hapo zamani za kale, enzi ambazo mito ilikuwa bado na adabu ya kupiga hodi kabla ya kuingia shambani kwa watu, Kiboko ndiye aliyekuwa mwenye maji. Maji yenyewe hayakuwa na habari, lakini yeye alishasema ni yake, na ukiutazama ukubwa wa mdomo uliosema hivyo, hata wewe ungeitikia.

Kiboko na mkewe walijaliwa mtoto mmoja, jina lake Bonge. Na Bonge alikuwa na yaya. Yaya mwenyewe ni Pimbi.

Msicheke, watoto. Najua mnamfahamu Pimbi: kamnyama ka majabalini, hakana mkia, kote kote kanaenea ndani ya kikapu cha mayai. Bonge akipiga chafya, yaya alikwenda kuokotwa nyumba ya tatu. Kumbeba mtoto hakuweza, kwa hiyo mtoto ndiye aliyembeba yaya. Kila asubuhi Bonge alilaza kidevu chini, Pimbi akapanda puani, akapita katikati ya macho, akaketi nyuma ya sikio la kushoto. Hapo alikuna na kuimba, kuna, imba, kuna, imba, mpaka yule mtoto mzito kama ghala akatulia tuli. Bi Kiboko hakuijua siri hiyo ya sikio. Alichojua ni kwamba mtoto halii, basi kazi inakwenda.

Kazi yenyewe Pimbi hakuifuata kwa kupenda. Kiangazi kilikuwa kimechoma majani yote mlimani, na nyumbani alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Kijino, wa miezi miwili. Bonge naye alikuwa wa miezi miwili. Walipishana siku saba tu, Bonge akiwa mkubwa. Pimbi akamwacha Kijino kwa mama yake mzazi, akateremka mtoni kufanya kazi miezi mitatu, awe anawapelekea majani mabichi kila apatapo mtu wa kwenda huko.

Miezi mitatu ikaisha. Bi Kiboko akamwambia angoje kidogo, mtoto anaota meno. Meno yakaota. Akaambiwa angoje kidogo, mtoto anajifunza kutambaa. Akatambaa, mpaka kingo za mto zikabomoka. Mwishowe Bi Kiboko akaapa mbele ya mumewe kwamba Bonge akitimiza mwaka, siku ya pili yake Pimbi ataondoka. Pimbi akapiga hesabu zake. Kwa miguu yake, mlimani ni mwendo wa siku nne. Akitoka baada ya sherehe ya Bonge, angefika Kijino hajatimiza mwaka wake, apate hata kumkatia mizizi ya kutafuna.

Tangu siku hiyo, kila Bonge aliposinzia, Pimbi alisuka kofia ya ukindu. Hakuwa na kichwa cha kupimia, basi akapimia ngumi yake, kwa sababu siku aliyoondoka kichwa cha Kijino kilikuwa sawasawa na ngumi yake. Aliukumbuka ukubwa huo vizuri kabisa.

Sasa, sherehe za kina Kiboko hazikuwa sherehe za uji na wimbo mmoja. Hondohondo alisimama juu ya kichuguu na domo lake, akitangaza jina la kila mgeni na zawadi aliyoleta, na mwenye zawadi akaja mbele akicheza, wote wakimtazama. Na kwa kuwa kila kiangazi Kiboko ndiye aliyegawa sehemu za kunywea maji, hapakuwa na mgeni aliyethubutu kuleta kitu kidogo. Ulikuwa ni ushindani wa ukubwa. Mtoto alikuwa mdogo, lakini nani alikuwa anamwangalia mtoto?

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, wageni walianza kuja kwa Pimbi kwa kificho kumwuliza walete nini. Aliwaambia ukweli. Nyati aliambiwa kwamba mtoto wa mwaka mmoja anapenda kitu chepesi, chenye sauti, kisicho na ncha, kinachoingia mdomoni bila kumezeka. Nyati akamtazama kama aliyetukanwa. Akasema hawezi kutangazwa na Hondohondo mbele ya watu kwamba kaleta kitu chepesi.

Nisiwacheke sana. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea mtoto wa rafiki yangu, siku anatimiza mwaka, mwavuli. Akaung'ata mpini, akalia. Bado tunasalimiana kwa mbali.

Siku tatu kabla ya sherehe, Bi Kiboko alimwita Pimbi, akamwambia bila hata kutoa kichwa majini kwamba safari imeahirishwa. Wageni watakuwa wengi, wengine watalala, na baada ya hapo kutakuwa na kuwarudishia vyombo. Aende mwezi ujao.

"Bibi, mtoto wangu naye anatimiza mwaka," Pimbi alisema. "Siku saba baada ya Bonge."

"Sasa wa mwaka mmoja anajua nini kuhusu siku ya kuzaliwa? Mwezi ujao atakuwa yuleyule."

Pimbi angeweza kumwuliza kwa nini basi Bonge anafanyiwa sherehe ya mto mzima. Hakuuliza. Alisema, "Haya, bibi," akaenda kufua vitambaa vya mtoto.

Akavifulia pale pale chini ya mti wa Hondohondo.

Akafua huku akiguna peke yake. Hondohondo, ambaye guno la mwenzake humkosesha usingizi, akateremka tawi moja. Akateremka la pili. Akauliza kuna nini. Pimbi akajibu hakuna kitu. Akaulizwa tena. Akajibu kwamba ni mambo ya wakubwa wa mlimani tu, ya Siku Saba za Mteule, na watu wa mtoni hawayawezi, bora asiseme.

Mpaka jua linafika utosini, mto wote ulikuwa unazungumza juu ya Siku Saba za Mteule.

Bi Kiboko alitoka majini mzima mzima, akasimama mbele ya yaya wake, maji yanamchuruzika, chururu, chururu. Akataka kujua ni jambo gani hilo ambalo familia yake hailiwezi.

"Achana nalo, bibi," Pimbi akasema. "Ni heshima nzito mno."

"Nzito kuliko mimi?"

Hapo Pimbi akakubali kusimulia, kwa shingo upande, neno moja moja, kama mtu anayeng'olewa jino. Huko mlimani, akasema, mtoto wa nyumba kubwa akitimiza mwaka huwekwa katikati ya zawadi zake, achague mwenyewe. Mwenye zawadi iliyoguswa kwanza ndiye Mteule. Mteule humchukua mtoto siku saba, humlisha na kumlaza yeye mwenyewe, na utukufu wa nyumba ile humwingia mtoto mara mbili. Sharti ni moja tu, nalo ndilo gumu. Siku hizo saba, mtumishi yeyote aliyekuwa akimlea mtoto asiwe karibu. Akionekana tu, utukufu wote unamwingia yeye.

"Ndiyo maana nakuomba, bibi, msifanye," akamalizia. "Mimi nitakwenda wapi siku saba?"

Bi Kiboko alikwenda kwa mumewe, wakazungumza chini ya maji, mapovu yakipanda juu, bubujibubuji. Kiboko akaibuka. Akatangaza kwa sauti ya mwenye maji kwamba Siku Saba za Mteule zitafanyika, na za mtoni zitakuwa kubwa kuliko za mlimani. Akamwelekezea Pimbi ile pua yake.

"Na wewe, sherehe ikiisha tu, ondoka. Sitaki kukuona. Nenda mbali. Nenda hata huko kwenu."

Pimbi akainamisha kichwa, akasikitika vizuri sana.

Lakini usiku huo huo mzima hakupata raha, na hapa ndipo nawaomba msogee. Kumdanganya Kiboko ni rahisi, nyie hata kesho mnaweza. Tatizo lilikuwa Bonge. Je, akigusa zawadi ya Fisi? Siku saba mtoto mnene kama yule nyumbani kwa Fisi! Je, akigusa ya Chui, ambaye husahau hata watoto wake mwenyewe juu ya miti? Pimbi aliwapima wageni wote mmoja mmoja, akaona anayefaa ni Nyati. Nyati ni mgomvi, ndiyo, na akili yake hupita mara moja kwa wiki, lakini hali nyama, na mtoto akilia hupata wasiwasi. Kulipopambazuka Pimbi akamfuata, akajitolea kumfungia zawadi yake. Akaifunga kwa majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, yale majani ambayo ukiyagusa tu yanasema chakacha, chakacha. Bonge alikuwa hajiwezi kwa sauti hiyo.

Siku ikafika. Hondohondo akapanda kichuguu.

Fisi alipewa nafasi ya kwanza kwa sababu alifika jana yake. Akaja akicheza, kiuno huku, miguu kule, na mfupa wa paja mabegani. Akasema ni wa mtoto kutafuna meno yakikaza. Upande mmoja ulikuwa umeshatafunwa. Chui akaleta kanzu ya madoadoa ambayo baba yake Bonge mwenyewe angeivaa na nafasi ikabaki. Akasema mtoto atakulia humo humo. Ngiri akaleta jembe, akasema naye atalikulia. Nyati akasukuma zawadi yake kwa kichwa mpaka katikati, gogo lililochongwa kuwa kiti cha mwenyekiti, limefungwa kwa majani, akatamka kwamba mtoto atakapokikalia kiti hicho amkumbuke aliyemletea.

Wote walikuwa wamemletea zawadi mtu mzima fulani ambaye hajazaliwa bado. Bonge alikaa pale, mwaka mmoja, meno manne, akinyonya kwato.

Mkeka ukatandikwa, zawadi zikapangwa duara, mtoto akawekwa katikati. Pimbi alikuwa amesimama nyuma ya wageni wote, furushi lake mgongoni, kofia ya ukindu ndani ya furushi.

Bonge akatazama kanzu. Hapana. Akatazama jembe. Hapana. Kisha pua yake ikanusa, fufu, fufu, akaanza kutambaa kuelekea kwenye mfupa. Fisi akalamba midomo, na sidhani ilikuwa ni kwa ajili ya heshima.

Pimbi akapenya miguuni mwa watu, akapita nyuma ya kiti cha Nyati, akakanyaga jani. Chakacha.

Bonge akageuka. Lakini hakuliona jani. Alimwona Pimbi.

Akatabasamu na meno yote manne. Akaacha mfupa, akaja mbio mbio kwa magoti, gudu, gudu, gudu, mkeka unakunjamana nyuma yake, moja kwa moja kwa yaya wake. Alipofika karibu akafanya alichofanya kila asubuhi tangu aanze kuinua kichwa. Akaanza kulaza kidevu chini ili Pimbi apande.

Sasa fikirini. Kidevu kile kikimgusa Pimbi kabla ya zawadi yoyote, watu watasema Mteule ni yeye. Siku saba tena, na baada ya saba nyingine saba, na mlimani asingefika. Wageni wote walikuwa wameinamisha shingo kuona mtoto ataangukia wapi.

Pimbi akarudi nyuma.

Hatua moja tu. Akajificha nyuma ya kiti, na kidevu cha Bonge, badala ya kukutana na vile vidole vidogo anavyovijua, kikaangukia majani ya mgomba. Chakacha!

"Nyati!" Hondohondo akapiga ukelele. "Mteule ni Nyati!"

Vigelegele vikapanda mpaka ndege wa ng'ambo wakahama. Nyati akazunguka akijisifu, akikumbatiwa na kila aliyemchukia. Chui akasema tangu mwanzo alijua kuna upendeleo. Katika zogo hilo lote hakuna aliyemtazama mtoto, ambaye alikuwa bado amelaza kidevu pale pale juu ya majani, akingoja. Alingoja sana. Kisha akaanza kulia.

Pimbi alikisikia kilio hicho akivuka bonde la kwanza. Akakisikia akipanda kilima cha pili. Cha tatu kilipomficha hakukisikia tena, lakini aliendelea kukaza mwendo kama mtu anayefukuzwa.

Alifika mlimani asubuhi ya siku ya nne, akapumzika kwanza? Wapi! Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama yake mzazi, Bibi Pimbi, alikuwa anaota jua juu ya jabali. Pembeni yake kulikuwa na kitoto kikirukaruka toka jiwe hadi jiwe. Pimbi akatazama ndani ya pango, akatazama nyuma ya jabali.

"Kijino yuko wapi, mama?"

Bibi akaelekeza kwa mdomo, pale kwenye mawe.

Kumbe watoto wa pimbi hawakui kama wa kiboko. Wa kiboko bado anatambaa, wa pimbi anaruka. Kijino alikuwa na meno yake, ana sauti yake, anachechemea kidogo mguu mmoja kwa kuanguka ambako Pimbi hakuwapo. Bibi akamwita. Akaja. Bibi akamwambia amwamkie mama.

"Shikamoo, mama," Kijino akasema. Lakini alimwambia bibi yake.

Bibi akageuza uso kutazama bonde. Pimbi akacheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa mbele ya wageni. Akafungua furushi, akatoa kofia. Akamvalisha mwenyewe. Ikakaa juu ya sikio moja, ikaanguka. Akaiweka tena, akaisukuma kidogo, ikaanguka tena. Kijino akaiokota, akaitia ngumini. Ikamwenea barabara. Akamrudishia kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kuwarudishia wageni vitu vyao.

"Tuiweke," Bibi akasema. "Itamfaa mdogo wake."

Siku ya Kijino ya kutimiza mwaka ilipofika, wakamkatia mizizi, wakaimba. Pimbi aliimba kwa sauti kuliko wote. Alijaribu na mbinu zake zote: akajifanya amekufa, akajifanya Fisi akicheza, akajifanya Nyati akifikiri. Kijino alicheka sana, hata akakaa chini. Alipomaliza kucheka akaenda kulala mgongoni kwa bibi yake.

Siku ya pili yake, vuu, Hondohondo akatua juu ya jabali, hoi. Nyati amekimbia. Hakumaliza hata siku saba. Amekwenda kuishi nyika ya mbali, na kiti chake amekiacha. Bonge hali, halali. Analaza kidevu chini mbele ya kila anayepita, hata mbele ya mawe, na hakuna anayejua anataka nini. Bi Kiboko anasema Pimbi arudi, naye safari hii ataapa kweli.

Pimbi akasema harudi.

"Lakini mwambie bibi hivi. Akilaza kidevu, anataka akunwe nyuma ya sikio la kushoto, si la kulia. Akunwe polepole huku akiimbiwa. Mwambie hapendi maji ya kina kabla ya kula. Akikunja kwato, tumbo linamuuma. Radi inamtisha, lakini umande anaupenda, anaulamba. Mwambie amkune yeye mwenyewe, mama yake. Ataweza. Mtoto hachagui vidole, anachagua aliyepo."

Hondohondo akarudia yote asisahau, akaruka.

Bibi Pimbi alikuwa ameyasikia maneno yote, kutoka kwenye kivuli cha jabali. Alimtazama binti yake, hakuwa na hasira usoni.

"Na huyu je?" akauliza. "Huyu anapenda nini?"

Pimbi, aliyemlaghai mwenye maji na mkewe na wageni wao wote, alifungua mdomo. Akaufunga.

"Basi kaa hapa," Bibi akasema. "Huyu hawezi uji wa moto. Akiamka usimsemeshe mpaka yeye aanze. Mguu ule unamsumbua kukiwa na baridi."

Pimbi akakaa chini, magoti pamoja, kama mtumishi siku yake ya kwanza ya kazi, akasikiliza.

Na nyie mnaonisikiliza, hadithi naishusha hapa na mzigo wake ni huu: wakubwa wote duniani unaweza kuwalaghai, lakini umri wa mtoto haumngoji mjanja.